Ng'ombe Aitwaye Transfo

Niliingia Gisenyi nikiwa sehemu ya mzigo. Mtambo wa kufua umeme ulikuwa umefungwa kwa minyororo juu ya trela, mimi nimeketi mbele na dereva, na kwenye mkoba miguuni pangu kulikuwa na nakala ya kila karatasi ambayo mtu yeyote kati ya bandari ya Dar es Salaam na Ziwa Kivu angeweza kuiulizia. Mwenye mzigo ilikuwa kampuni ndogo iliyokuwa ikijenga kituo cha umeme kwenye mto mmoja unaoshukia ziwani. Forodha ilikwisha kuwasumbua mara moja, kwa hiyo safari hii walitaka mzigo usindikizwe na mtu wa hesabu. Mimi nilikuwa mhasibu wa kampuni ya malori. Tajiri wangu alinitazama juu ya miwani yake.

"Wewe si kwenu huko?" akasema. "Nenda basi ukapaone."

Kwetu. Wazazi wangu walivuka mpaka wakiwa watoto wadogo, mimi nikazaliwa Karagwe. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata cheti cha uhasibu kwa masomo ya jioni Mwanza, na tangu hapo nikawa mtu wa kuhama. Kahama, Kigoma, Dodoma, Dar. Kila mahali nilikaa mpaka muuza magazeti anijue, kisha nikaanza kuona mji unanibana shingoni kama kola, nikafunga mzigo. Nikifika mji mpya nilianza kuukumbuka ule wa nyuma. Mpaka leo sijui huo ni ugonjwa gani.

Tulisafiri polepole kuliko ng'ombe wa mnada. Kila mizani walitusimamisha, wakazunguka trela, wakapiga mtambo kwa kiganja kama wanaonunua tikiti. "Hii ni nini?" Dereva, mtu wa Singida mwenye tumbo na maneno mengi, alikuwa na jibu jipya kila mara. Mizani moja aliwaambia ni mashine ya kukamua alizeti. Nyingine akasema ni kengele ya kanisa. Nilimwomba aache, akanijibu, "Mhasibu, ukweli una kodi." Baada ya Rusumo ardhi ikaanza kukunjamana, mlima nyuma ya mlima, na utani ukamwishia. Kwenye kona moja kabla ya Kigali alifuta jasho, akasema nchi hii waliisahau kuipiga pasi.

Siku tuliyoshuka kutoka Musanze kulikuwa na ukungu, kisha ukungu ukafunguka mara moja na ziwa likawa chini yetu, na Goma imeegemea Gisenyi bega kwa bega hata usijue mji mmoja unaishia wapi. Nilisubiri moyo useme kitu. Marehemu baba alizaliwa upande huu wa nchi. Hakuwa na hata mbuzi kule Karagwe, lakini akitaka kuapa aliapa kama wazee wake, kwa jina la aliyemgawia ng'ombe. Tulikuwa tunamcheka. Ng'ombe gani, baba, na hapa tunakula dagaa? Moyo haukusema kitu. Niliona baridi, nikavaa koti.

Ilikuwa nikabidhi mzigo na kurudi na dereva. Lakini vipuri vingine vilikuwa bado njiani, karatasi zake ziko Mombasa, na mwenyekiti wa bodi alikuja kutoka Kigali kwa gari safi, akaniomba nikae wiki chache nizifuatilie. Mwenyekiti alikulia Uganda, mtu mpole, mwenye saa nzuri, anayesema kila jambo kana kwamba mmeshakubaliana. Dereva alinipungia mkono pale kwenye msingi wa zege, akapiga honi, akaondoka na trela tupu. Zile wiki chache zilinigharimu miaka yangu mizuri.

Kazi yangu ya kwanza ya maana haikuwa ya hesabu. Umeme wetu ulikuwa na mteja mmoja mkubwa: kiwanda cha kusaga kokoto upande wa pili wa mlima, kwenye mawe meusi ya volkano. Ili waya ufike huko ilibidi upande hadi Mudende na kupita juu ya mashamba ya viazi ya watu. Sheria inawapa fidia ya kila mche unaokanyagwa, na fidia ililipwa. Lakini fidia haimfanyi mtu akupende, na nguzo inayosimama kati ya viazi vya mtu asiyekupenda haina usalama. Mwenyekiti akasema, "Wewe unaongea Kiswahili na kila mtu. Nenda ukawaeleze."

Nikapanda. Vijia vya kule ni vya miguu, matope meusi yanayovuta kiatu. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mama mmoja mjane aliyerudi kutoka Masisi, Kongo, na ng'ombe zake. Alikuwa na mwili mkubwa, buti za mpira, na sauti ya kuvusha mzigo mpakani. Zamani alibeba viazi hadi mpakani, Petite Barrière, kila siku, akivuka kwenda Goma na kurudi, na sasa alikuwa kiongozi wa ushirika wa maziwa wa akina mama wa kilima kile. Alitazama viatu vyangu kwanza.

"We Kontabule," akasema, maana alikwisha kuambiwa mimi ni mhasibu, "viatu gani ile? Huku haiko biro, iko shamba."

Nilimweleza habari za nguzo kwa Kiswahili changu cha Mwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Unasemaka kama redio," akasema. "Bon. Donc umeme itapita juu ya kichwa yangu, iende kusaga majiwe, na mi nibakie na koroboi?"

Wenzake wa ushirika wakacheka. Kisha akanionyesha shida yao, na shida yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Gari la kukusanya maziwa lilifika asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi yalipata mnunuzi. Maziwa ya jioni yalilala, yakachacha, gari likayakataa. "Ya mangaribi tunakunywa sisi na paka," akasema, "na paka yenyewe imechoka." Walitaka tangi la kupozea. Tangi la namna hiyo linataka umeme wa nguvu, na umeme wa nguvu unataka transfoma moja kwenye nguzo.

Nilimpigia mwenyekiti simu papo hapo, nimesimama kwenye matope. Akasema bila kusita: waambie watapata, awamu ya pili. Nikawaambia. Siyo kwamba nilidanganya. Niliambiwa na mwenye mamlaka, nikaamini, na mpango ule niliuona kwa macho yangu baadaye, umechorwa kwa rangi ya kijani. Nguzo zikapita. Hakuna aliyezuia hata moja.

Waya ulipovutwa, yule mama alishuka kituoni na watu wa kilima, wamevaa vizuri, wameleta maziwa katika vyombo vya mti, na mbele yao mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwenye bega. Akatoa hotuba kwa Kinyarwanda, ndefu, nikaelewa nusu. Kisha akageukia Kiswahili kwa ajili yangu.

"Mume wangu angekuwa muzima, angekupa yeye. Mi naamini mutu, siamini kampani. Hii ngombe ni yako. Inaitwa Transfo. Kila siku utaita jina, hautasahau."

Nilishukuru kama unavyoshukuru zawadi. Mlinzi wa kituo, mzee mtaratibu wa hapo hapo mtoni, alisubiri wageni waondoke, akanivuta kando.

"Mzee, unajua umepewa nini?"

"Ng'ombe."

"Hapana. Umepewa yule mama. Sasa wewe na yeye ni kitu kimoja. Huwezi kumfanyia ubaya, naye hawezi. Ng'ombe akizaa jike, unampelekea huyo ndama. Tunaita kwitura. Usipompelekea, wewe si mtu."

Ndipo nilipomkumbuka baba na kiapo chake, na nikaacha kumcheka, miaka mingi baada ya kumzika.

Meneja wa kwanza wa kituo, mhandisi, aliondoka baada ya mafuriko kubomoa banio la maji. Wa pili alipata kazi Kigali. Kila mara nilishika ofisi kwa muda, na muda ukawa mrefu. Umeme nilijifunza kwa tope. Wakati wa mvua mto unaleta udongo wa mashamba yote ya juu, unajaza mfereji, mtambo unabadili sauti kama mtu anayemeza chakula kikavu, na hapo hakuna cheti kinachokusaidia, mnavaa buti mkashika makoleo. Wakati wa kiangazi maji yanapungua na mwenye kokoto anapiga simu. Nilijua bei ya kila nati. Nilijua pia ni nati ipi ikilegea kituo kinasimama. Mwenyekiti aliona hilo, na safari ya tatu akaamua. Nikawa mkurugenzi mtendaji, nikapewa na kiti katika bodi. Fundi cherehani wa karibu na soko alinishonea suti, akaniuliza kwa heshima kama nitahitaji mfuko wa ndani wa kalamu. Mama yangu Karagwe alilia kwenye simu.

Yule mama wa Mudende hakulia. Alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Sasa we ni Direkteri. Sasa hakuna mutu ya kuuliza ruhusa."

Na mimi, nisifiche, niliamini hivyo hivyo.

Bodi ilikutana kila robo mwaka katika hoteli ya ufukweni, chumba cha juu, ziwa dirishani. Wenye sauti walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa mwenye kile kiwanda cha kokoto, mzaliwa wa mjini Gisenyi, mcheshi, mkarimu, aliyekuwa mteja wetu mkubwa na pia mmoja wa wenye hisa. Nilimpenda, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. Kila kikao niliweka awamu ya pili kwenye ajenda. Kila kikao ilifika mwisho, chai ikiwa imeshaletwa.

"Mkurugenzi, wazo ni zuri," mwenyekiti alikuwa akisema. "Tutalitazama mto ukitulia."

"Mto ukitulia, maji ni machache," alisema mwenye kokoto. "Ukiwapa wao, mashine yangu inakohoa."

"Na mto ukijaa?"

"Ukijaa kuna tope, ndugu yangu. Wewe mwenyewe ndiye unayetuambia."

Hesabu zilionyesha kuwa tangi moja la maziwa halinywi umeme wa kumfanya mtu akohoe. Nilizionyesha kwa michoro, kwa majedwali, na mara moja kwa vikombe vya chai pale mezani. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba ukiweka hesabu sawasawa mbele ya watu, watazifuata. Sijui nani aliniambia jambo hilo. Mwenye kokoto alivitazama vile vikombe, akamimina chai katika kimoja, akanywa.

Wakati huo akina mama walikwisha kupata tangi lao kwa mkopo wa ushirika. Walitaka liwe tayari kabla ya waya. Lilikaa katika chumba kilichojengwa kwa ajili yake, ukuta umepakwa chokaa, chuma kinang'aa. Nilipopita huko mara ya kwanza lilikuwa limefunikwa kwa shuka. Mara ya pili mbegu za viazi zilikuwa zimerundikwa kando yake. Mara ya tatu kuku alikuwa ametaga juu ya kifuniko, na yule mama hakumfukuza.

"Acha," akaniambia. "Angalau yeye anaitumia."

Kisha wakaja wakaguzi wa hesabu, vijana safi kutoka Kigali, wakataka orodha ya zawadi zote ambazo viongozi wa kampuni wamepokea. Niliandika: ng'ombe mmoja. Nani angeandika vinginevyo? Alikuwa nyuma ya kituo, kila mtu anamwona, na mlinzi anamkatia majani. Wakaguzi wakaandika kwamba ni kinyume cha kanuni na arudishwe kwa mtoaji. Jambo likaja bodini, na hilo halikusubiri chai.

"Rudisha," akasema mwenyekiti.

"Haiwezekani," nikasema. "Kurudisha ng'ombe ni kutangaza uadui."

Mwenyekiti akamtazama mwenye kokoto, labda akitumaini atacheka. Hakucheka.

"Hilo ni kweli kabisa," alisema mwenye kokoto. "Mimi mwenye mawe hilo najua. Ukimrudishia mtu ng'ombe wake, kesho nguzo zako zitaota miguu. Hapana, hapana. Tumwingize ng'ombe katika mali ya kampuni. Si zawadi tena, ni mali. Wakaguzi watafurahi."

Wakapitisha. Hivyo Transfo akaandikwa katika daftari la mali, chini ya jenereta ya akiba na juu ya pikipiki. Na kwa kuwa kila mali ya kampuni lazima ikatwe uchakavu, programu ya hesabu ikamkata uchakavu. Kila mwaka thamani yake ilishuka. Yeye alikuwa ananenepa, manyoya yanang'aa, na mwishowe ana mimba, na katika vitabu vyangu anaelekea sifuri. Mlinzi alinisikia nikicheka peke yangu ofisini, akachungulia dirishani. Nilijaribu kumweleza. Akatikisa kichwa.

"Mzee, nyinyi watu wa vitabu mnaweza kumuua ng'ombe bila kisu."

Habari za mimba zilipanda mlimani kabla yangu. Simu ikaja.

"Direkteri. Nasikia Transfo iko na mimba."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile ingine transfo? Ile ya nguzo? Iko na mimba pia, ao ni tasa?"

Transfo akazaa ndama jike, mwekundu, mwenye miguu mirefu kuliko akili zake. Mlinzi alinipa mkono wa pongezi kana kwamba nimezaa mimi. Nilijua ninachotakiwa kufanya, na nilikuwa na haraka ya kukifanya, maana kilikuwa kitu kimoja chini ya jua ambacho hakikuhitaji waya. Lakini mwenye mali alikuwa kampuni, na mtoto wa mali ni mali. Nikaomba ruhusa ya bodi kumpeleka ndama kwa mtoaji. Mwenyekiti alijibu kwa baruapepe kwamba kampuni haina utaratibu wa kugawa mali, na kwamba mnyama auzwe kwa mnada wa wazi akishaachishwa kunyonya.

Niliisoma baruapepe ile nikiwa nimesimama kwenye mfereji, koleo mkononi, tope hadi magotini.  Ndipo nilipofahamu kwamba nimepewa cheo kile kwa sababu naweza kushika koleo, na si kwa sababu naweza kukata shauri. Watu wa kilima walikuwa wameniamini mimi, na mimi nilikuwa mpini tu.

Stoo kulikuwa na transfoma ya akiba. Ilikuwa ya ukubwa unaofaa, imenunuliwa ili ikiharibika ya kiwandani isikae siku nyingi bila mbadala. Katika kanuni zetu, mkurugenzi mtendaji anaweza kuhamisha kifaa cha akiba pale ambapo kazi inahitaji. Kazi ilihitaji. Nilikuwa nimengoja hadi nywele za masikioni zikaanza kuwa nyeupe. Asubuhi moja niliwaita mafundi, nikawapa amri kwa maandishi ili lawama isiwaangukie, tukaipakia kwenye gari, tukapanda.

Sijawahi kuona kilima kikiamka namna ile. Barabara ilipoishia watu walichukua kamba, wanaume kwa wanawake, wakaivuta transfoma juu ya magogo kama harusi inayomvuta bwana harusi mzito. Mama yule alitembea mbele, buti zake za mpira, akiwafokea wote.

"Polepole! Hiyo haiko viazi! We, toa mukono pale, utakufa na bibi yako angali mudogo!"

Ndani ya chumba cha tangi walikwisha kumtoa kuku. Walikuwa wanasugua kile chuma kwa majivu. Mafundi wakaiinua transfoma kwenye nguzo, wakaifunga, wakaanza kuunganisha upande wa chini. Kilichobaki kilikuwa kuzima waya mkubwa kwa muda, kuunganisha upande wa juu, na kuwasha. Nikampigia msimamizi wa zamu kule kituoni azime.

Kuzima waya ni kuzima kiwanda cha kokoto. Hilo nililijua, na nilikuwa nimemwandikia mwenye kokoto asubuhi ile kwamba tutakata kidogo kwa matengenezo. Yeye hakuwa mjinga. Mawe yalipoacha kulia alisimama uani kwake, akatazama mlima, akaona watu wengi mno kwa matengenezo, akampigia mwenyekiti.

Simu ya mwenyekiti haikuwa na hasira. Hajawahi kuwa na hasira. "Mkurugenzi, naona tumetofautiana kuhusu awamu ya pili," akasema. "Ishushe. Kisha tutazungumza."

"Imebaki kuunganisha tu."

"Najua. Ishushe. Waya ukiwaka na hiyo ipo, nitaita mafundi wengine na polisi, na mafundi wako watapoteza kazi kabla yako. Sitaki hivyo. Wewe unataka?"

Fundi mkubwa alikuwa juu ya nguzo, mkanda kiunoni, ananitazama. Ana watoto wanaosoma. Mafundi wote watatu wana watoto wanaosoma. Watu wa kilima walikwisha kuanza kuokota kamba zao, maana uso wa mtu anayeongea na mkubwa wake unasomeka kwa lugha yoyote.

Nikasema, "Shusheni."

Ilishuka haraka kuliko ilivyopanda. Hakuna aliyetukana. Ningependa wangetukana. Waliisaidia kurudi kwenye gari kwa kamba zile zile, taratibu, kama wanaosindikiza mgeni. Nilimwendea yule mama, nikaanza kusema pole.

"Wacha," akasema. "Pole haiwashake mashini."

"Mama, nilijaribu."

"Nimeona. Na macho yangu nimeona. Donc najua sasa: we iko mutu muzuri, na hauna nguvu. Mbele ya leo nilikuwa najua moja tu."

Nikaandika barua ya kuacha kazi jioni hiyo hiyo. Mwenyekiti aliipokea kwa heshima, akasema kampuni ingependa kuniaga vizuri, kwa chakula hotelini na saa ya ukutani yenye majina ya wajumbe wote. Nikamwambia sitaki saa. Nataka ndama. Kama bodi inaweza kununua saa ya kuaga, inaweza kuniaga kwa mali yake yenyewe, na wakaguzi watakuta imeandikwa vizuri. Mwenye kokoto ndiye aliyenitetea. Alipiga meza, akacheka hadi machozi.

"Mpeni! Saa ni ghali kuliko ndama. Huyu hata anapofukuzwa anatubania matumizi!"

Siku ya kuondoka sikuwa na vitu vingi. Miaka yote ile sanduku langu lilikaa chini ya kitanda, na baadhi ya nguo hazikuwahi kutoka humo. Suti niliiacha kwa mlinzi, ambaye alisema ataivaa harusini kwa binti yake akikunja mikono. Transfo alibaki nyuma ya kituo, mali ya kampuni, thamani yake karibu na sifuri, anatafuna. Nilimkuna ule upande wa doa. Kisha mlinzi na mimi tukapakia ndama kwenye pikapu ya kukodi hadi barabara inapoishia, na kuanzia hapo nikamvuta kwa kamba peke yangu, nimevaa buti za mpira, waya ukivuma juu yetu njia nzima. Kule ng'ambo mawe yalikuwa yanasagwa.

Yule mama alinikuta njiani, kana kwamba kuna aliyemwambia. Kwa desturi huwa kuna watu wengi, maneno na maziwa. Tulikuwa wawili na ndama. Nikasema kwa Kinyarwanda changu kibovu maneno ambayo mlinzi alinifundisha, ya kumshukuru aliyenigawia ng'ombe. Nilikosea katikati, akanisaidia kumaliza.

Akampapasa ndama mgongo, akamtazama meno na miguu. Alichukua kamba kutoka mkononi mwangu.

"Muzuri," akasema. "Imetoka kwa mama yake. Unaijua jina yake?"

"Bado hana."

"Iko nayo. Hii inaitwa Awamu ya Pili." Akaivuta kamba. "Njoo, Awamu ya Pili. Watu wamekungoja sana."

Alicheka, nami nikacheka, na kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Alinipa maziwa ninywe nikiwa nimesimama, ya jana jioni, yamechacha. Nikayanywa yote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimsalimie mama yangu Karagwe, kisha akageuka kupanda na ndama wake.

Kituo cha mabasi nilifika alasiri, bado na buti. Basi la Kigali lilipopanda mlima wa kutokea mjini, watu wa upande wa kushoto waligeuka wote kulitazama ziwa. Mimi nilikuwa nimekaa kulia. Upande ule ni nguzo tu, nami nilizijua kwa namba zake, kwa hiyo nikavua buti, nikazisukuma chini ya kiti.